Kesi ya Cavalier nchini Norwei: wazazi walipimwa, kosa likawa wapi?

Tarehe 31 Januari 2022, Mahakama ya Wilaya ya Oslo iliamua kwamba kuendelea kuzalisha mbwa wa Cavalier King Charles Spaniel na English Bulldog kunavunja kifungu cha 25 cha Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Norwei. Aliyefungua kesi ni chama cha kutetea wanyama, Dyrebeskyttelsen Norge. Wadaiwa walikuwa Norsk Kennel Klub, chama kinachosajili mbwa wa ukoo nchini humo, pamoja na vyama vya aina hizo mbili na wazalishaji kadhaa. Wakakata rufaa. Tarehe 18 Novemba mwaka huohuo, Mahakama ya Rufani ya Borgarting ikawaachia wa Bulldog, lakini wa Cavalier ikawabana palepale. Mahakama ya Juu nayo, tarehe 10 Oktoba 2023, ikashikilia msimamo huo kuhusu Cavalier.

Bulldog tumwache, si mbwa mdogo, na shida zake zinahitaji uchambuzi wake. Cavalier ni mbwa wa mapajani, kilo 5.4 hadi 8, mpole, masikio marefu yenye manyoya, na macho ambayo ndiyo yanayomuuza. Kinachofanya kesi yake ifae kuchambuliwa ni kwamba haikuwa kesi ya uzembe. Hakuna aliyeshtakiwa kwa kufungia majike kwenye vizimba vichafu au kuwazalisha kila wanapopata joto. Lililokuwa mezani ni uzalishaji wa kawaida, wenye vyeti, wa watu wanaojulikana kwenye chama chao.

Na uzalishaji wa aina hiyo si wa kubahatisha. Jike anapoingia kwenye joto hupimwa damu kujua kiwango cha projesteroni, homoni ya uzazi. Kikifika nanogramu 5 hadi 8 kwa mililita, mayai yanatoka, na dume huletwa siku mbili baadaye. Hesabu ya mimba huanzia hapo: siku 63, zaidi au pungufu ya siku moja. Baada ya siku ya 55 hupigwa eksirei ya kuhesabu watoto, ili siku ya kuzaa ijulikane kama kuna aliyebaki tumboni. Wakati wa mimba jike hapewi vidonge vya kalsiamu. Vinauzoesha mwili kupokea badala ya kuchota kutoka mifupani, halafu maziwa yanapoanza kutoka kwa wingi, kalsiamu ya damu inaporomoka: jike anahema, anatetemeka, anakakamaa. Ni ileile ambayo wafugaji wa ng'ombe huiita homa ya maziwa, na kwa mbwa mdogo inaua ndani ya saa chache. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 37.2, uchungu uko ndani ya saa 24. Akisukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutoka, au majimaji ya kijani yakitangulia kabla ya mtoto wa kwanza, safari ya kwa daktari haingoji asubuhi. Watoto hupimwa uzito kila siku kwa mizani ya jikoni, na asiyeongezeka kwa siku nzima hufuatiliwa.

Haya yote ni ya lazima. Lakini hakuna hata moja kati yake linalogusa kilichopelekwa mahakamani.

Kifungu cha 25 kinataka uzalishaji uendeleze sifa zinazompa mnyama mwili imara, utendaji mzuri na afya njema. Kinakataza kuzalisha kwa namna inayorithisha jeni zenye athari mbaya kwa mwili au akili ya mnyama. Ukikisoma haraka utadhani kinamzungumzia dume na jike waliosimama mbele yako: wamechunguzwa, wana vyeti, basi wapandishwe. Mahakama zilitazama mbali zaidi ya jozi moja, zikapima mzigo wa magonjwa unaobebwa na aina nzima. Mbwa wawili wanaoonekana wazima wanaweza kuwa wazima kwa sababu tu bado ni vijana, au kwa sababu ugonjwa walio nao hauonekani kwa macho. Kwa Cavalier sababu zote mbili zipo, moja kwenye moyo na nyingine kwenye fuvu, na ni muhimu kuzitenganisha, kwa kuwa moja ina tiba ya kizalishaji na nyingine karibu haina.

Moyo: ugonjwa unaosubiri mbwa azae kwanza

Vali ya mitrali hukaa kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo. Kwa Cavalier hunenepa na kulegea mapema mno, haifungi sawasawa, na kila moyo unapobana, damu kidogo hurudi nyuma. Mrudio huo hutoa sauti, mvumo, unaosikika kwa stetoskopu upande wa kushoto wa kifua, pale kiwiko cha mbwa kinapogusa ubavu. Mvumo hupangwa kwa madaraja 1 hadi 6. Kufikia miaka 5, karibu nusu ya Cavalier huwa nao. Kufikia miaka 10, karibu wote. Mbwa wengine wadogo hupata ugonjwa huohuo, ila wengi wao uzeeni. Cavalier anaupata katikati ya maisha, na ndio unaoongoza kumuua.

Sasa weka pembeni miaka hiyo 5 na uangalie umri wa kuzalisha. Dume mzuri hushinda maonyesho akiwa na mwaka na nusu, na majike huanza kuletwa kwake. Anapofika miaka 5 na daktari akasikia mvumo, watoto wake wameshazaa wajukuu. Ugonjwa wa aina hii hauchujwi na maumbile wala na mzalishaji anayepima afya ya leo peke yake.

Ndiyo maana wataalamu wa moyo walipendekeza kanuni iliyo rahisi kuliko inavyosikika: mbwa asizae kabla ya miaka 2 na nusu, awe hana mvumo siku hiyo, na wazazi wake wote wawili wawe wamefika miaka 5 bila mvumo. Fanya hesabu uone kanuni inavyojishikilia. Jike ana miezi 30 leo. Kama mama yake alimzaa akiwa na miezi 30, mama leo ana miezi 60, miaka 5 kamili. Anapelekwa kusikilizwa wiki hiyohiyo, na jibu lake ndilo linaloamua kama binti atapandishwa. Lakini kama mama alizaa akiwa na miezi 16, leo ana miezi 46, hata miaka 4 hajafika, na cheti chake kisafi hakijasema lolote. Mzalishaji anayeanza mapema kizazi kimoja anaharibu hesabu ya kizazi kinachofuata.

Kanuni huvunjikia zaidi kwenye kusikiliza kwenyewe. Mvumo wa daraja la 1 unahitaji chumba kimya na dakika kadhaa za uvumilivu. Mbwa akihema mdomo wazi, feni ikivuma, au daktari akiwa na wagonjwa sita nje, hausikiki, na cheti kinaandikwa "safi". Kwa hiyo cheti cha kuzalishia hutakiwa kutoka kwa daktari bingwa wa moyo, na huhesabiwa cha mwaka mmoja tu. Altrasaundi huongeza kitu ambacho sikio halina: inaonyesha vali inayobonyea kurudi nyuma kabla sauti haijaanza.

Tofauti hiyo imeshapimwa kwa nchi mbili jirani. Uswidi iliendesha mpango wake kwa kutegemea stetoskopu, na tathmini iliyochapishwa 2010 haikuona ugonjwa ukipungua. Denmark, kupitia Dansk Kennel Klub, iliweka mpango wa lazima wenye stetoskopu na altrasaundi kwa pamoja. Watafiti walipolinganisha mbwa waliochunguzwa 2002 na 2003 na wale wa 2010 na 2011, hatari ya ugonjwa ilikuwa imeshuka kwa asilimia 73 kwa mbwa waliotokana na mpango wa lazima. Kwa waliozalishwa nje ya mpango huo, haikushuka. Miaka minane tu, na bila kuleta damu mpya. Kwa upande wa moyo, basi, hoja ya wazalishaji kwamba vipimo vinatosha ilikuwa na uzito, mradi vipimo viwe sahihi na viwe vya lazima. Hiari ndiyo iliyoshindwa.

Fuvu: pale ambapo hakuna msafi wa kuchagua

Kichwa cha Cavalier wa leo ni kifupi na kipana, na sehemu ya nyuma ya fuvu ni ndogo kwa ubongo unaotakiwa kukaa humo. Ubongo wa nyuma husukumwa kuelekea tundu linalopitisha ugwe wa mgongo. Majimaji yanayouzunguka ubongo hukosa njia tulivu ya kupita, yanapita kwa msukumo, na baada ya muda vifuko vya maji hujitokeza ndani ya ugwe wenyewe. Kubanwa kwa ubongo kunaitwa Chiari. Vifuko hivyo vinaitwa siringomielia.

Mwenye mbwa huona mambo ambayo hayafanani na ugonjwa wa neva. Mbwa anatembea na kamba shingoni, ghafla anasimama na kuanza kujikuna hewani karibu na shingo, mguu unachapa bila kugusa ngozi. Akiinuliwa kwa kifua analia. Analala kichwa kikiwa juu ya mto au ukingo wa kiti. Wengi hutibiwa viroboto na mzio wa ngozi kwa miezi kabla mtu hajafikiria mgongo.

Chiari kwa kiwango fulani ipo karibu kwa kila Cavalier. Siringomielia huja na umri. Uchunguzi uliochapishwa 2011 ulipiga MRI, yaani picha za ndani ya mwili kwa sumaku, Cavalier 555 ambao wenye mbwa walisema hawana dalili yoyote: kati ya wenye mwaka mmoja, asilimia 25 tayari walikuwa na vifuko, kati ya wenye miaka 6 na zaidi, asilimia 70. Mbwa hao, kwa macho ya mwenye nyumba, walikuwa wazima.

Uingereza ilianzisha mwaka 2012 mpango wa madaraja, kazi ya pamoja ya British Veterinary Association na The Kennel Club. Mbwa hulazwa kwa dawa ya usingizi, hupigwa MRI, na picha husomwa na jopo. Chiari hupewa 0, 1 au 2. Siringomielia vilevile: 0 ni mfereji wa katikati usiopanuka, 1 ni uliopanuka kwa chini ya milimita 2, na 2 ni uliofika milimita 2 au kuwa na kifuko kando. Herufi inayofuata ni ya umri: a kwa aliyezidi miaka 5, b kwa wa miaka 3 hadi 5, c kwa wa mwaka 1 hadi 3. Herufi hii ndiyo roho ya mpango. Daraja 0a ni dhahabu, kwa kuwa mbwa amefika umri wa kuugua na hajaugua. Daraja 0c ni ahadi tu. Na mwenye 2c, aliyeharibika akiwa bado kijana, mpango unashauri asiingizwe kabisa kwenye uzalishaji.

Sasa unganisha vipimo viwili. Chukua Cavalier 100 wa umri wa kati. Ondoa wenye mvumo wa moyo, wamebaki 50. Katika hao, kama magonjwa haya mawili hayafuatani, asilimia 30 tu hawana siringomielia: wamebaki 15. Watoe waliozeeka, majike waliokwisha kufanyiwa upasuaji wa kuzaa mara mbili, na wale walio kaka na dada. Hao wachache watakaobaki ndio unaotaka kujengea kizazi kizima, na hata wao Chiari wanayo.

Hapo ndipo uchaguzi makini unapogeuka kuwa tatizo jipya. Kila chujio linalokaza linapunguza idadi ya wazazi, na idadi ikipungua, kizazi kinachofuata kinakuwa cha ndugu. Kaka na dada wakizaa, kiwango cha undugu cha watoto ni asilimia 25; wanaochangia mzazi mmoja, 12.5; binamu wa kwanza, 6.25. Kwenye karatasi ya ukoo ya vizazi vitatu takwimu hizi huonekana ndogo, kwa sababu karatasi haioni ya nyuma yake.

Na nyuma ya Cavalier ni kwembamba. Mwaka 1926 Mmarekani Roswell Eldridge alitoa zawadi ya pauni 25 kwenye maonyesho ya Crufts kwa mbwa wenye pua ndefu kama wa michoro ya zamani. Aliyetokea na kuwa kielelezo ni dume mmoja, Ann's Son, na chama kikaundwa 1928. Kisha Vita Kuu ya Pili ikapunguza mabanda. The Kennel Club iliitambua aina hii 1945, ikiwa na wazazi wachache, na kutoka hapo ikaenea dunia nzima kwa kasi. Mwaka 2021 watafiti wa Uswidi walilinganisha jenomu za aina nane za mbwa, na Cavalier akaonekana kubeba jeni zenye madhara nyingi kuliko wenzake. Jeni yenye madhara ikishawaenea wote, hakuna mbwa wa kuchagua asiye nayo. Upimaji hauwezi kutafuta kitu ambacho hakipo.

Kuna upande ambao upimaji unafanya kazi vizuri sana, na ni haki kuutaja. Cavalier ana magonjwa mawili, kila moja likitokana na jeni yake moja iliyojificha: kuanguka kwa vipindi, ambapo misuli hukakamaa mbwa akisisimka, na macho makavu yanayoambatana na manyoya ya kujikunja. Kwa magonjwa haya kipimo cha vinasaba kinamaliza kazi. Mbebaji, yaani mbwa mzima mwenye nakala moja tu ya jeni mbovu, akipandishwa kwa mbebaji mwenzake, kwa wastani robo ya watoto wataugua. Mbebaji kwa msafi, hakuna atakayeugua. Kosa linalofanyika hapa ni la bidii kupita kiasi: mzalishaji anawatupa wabebaji wote na kuupunguza ukoo bila sababu, wakati angeweza kuwapandisha kwa wasafi na kutunza kila kitu kingine kizuri walichonacho.

Damu mpya, na damu gani

Mahakama ya Oslo haikusema Cavalier atoweke. Haikugusa mbwa waliokwisha kuwa majumbani, na iliacha wazi mlango wa kuchanganya na aina nyingine kwa mpango wa kisayansi. Wapenzi wa aina walilichukulia hili kama kuichafua. Hesabu inasema vingine. Mtoto wa kwanza wa mchanganyiko ni nusu kwa nusu. Akirudishwa kwa Cavalier, watoto wake wana robo ya damu ngeni. Tena mara nyingine, asilimia 12.5. Kwa kizazi kimoja kila miaka 2 na nusu, ni chini ya miaka minane hadi kupata mbwa ambaye machoni ni Cavalier, lakini jeni zilizokosekana zimeshaingia. Hili limejaribiwa kwa aina nyingine yenye fuvu hilohilo, Griffon Bruxellois, iliyochanganywa na Australian Terrier. Watafiti walipima mafuvu kwa MRI kizazi baada ya kizazi, na waliona inawezekana kuirudisha sura ya aina huku fuvu likibaki na nafasi.

Masharti yake ni magumu. Aina ya kuchanganya iwe na pua ndefu zaidi, fuvu refu la nyuma, na isiwe na ugonjwa wa vali wa mapema. Hapo Chihuahua na Dachshund wanatoka, na Poodle mdogo anatia shaka. Asiletwe dume mmoja. Mbwa mmoja ana nakala mbili tu za kila jeni, na watoto wake wote wakirudishwa ndani, umeanzisha msongamano mwingine. Kila kizazi kipigwe stetoskopu, altrasaundi na MRI, la sivyo unaporudisha kwa Cavalier unarudisha na fuvu.

Cavapoo wa matangazo ya mtandaoni, mchanganyiko wa Cavalier na Poodle, si mpango huu. Wazazi wake mara nyingi hawakupimwa, na jina la mchanganyiko limechukua nafasi ya cheti. Uchunguzi wa Royal Veterinary College ya London uliochapishwa 2024 ulilinganisha Cavapoo, Cockapoo na Labradoodle na aina zilizowazaa: katika ulinganisho zaidi ya asilimia 86, uwezekano wa kupata ugonjwa haukutofautiana. Mchanganyiko unasaidia pale tu mtu anapochagua kinachoingia.

Kuhusu madume, Shirikisho la Kimataifa la Mbwa, FCI, linapendekeza watoto wa dume mmoja wasizidi asilimia 5 ya watoto wote wa aina hiyo wanaosajiliwa katika miaka mitano. Kwa aina yenye watoto 200 waliosajiliwa kwa miaka hiyo, ni watoto 10, pengine mizao miwili au mitatu tu. Ni pendekezo linalopuuzwa zaidi ya yote, kwa sababu dume aliyeshinda ndiye anayelipwa.

Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, wanazalishwa mbwa wadogo wengine, kama Maltese, Shih Tzu, Chihuahua na Japanese Spitz. Mashine ya MRI kwa mbwa si kitu cha kukitegemea. Lakini stetoskopu ipo kila kliniki ya mifugo, na hata pasipo altrasaundi, sehemu ya kilichofanyika Denmark inawezekana: kusubiri, kusikiliza na kuandika. Kadi ya jike iwe na tarehe ya kuzaliwa kwake na ya wazazi wake, tarehe ya kila alipopimwa moyo na jina la aliyempima, daraja la kuteguka kwa kifuniko cha kila goti kuanzia 0 hadi 4, mizao na upasuaji wa kuzaa. Kilichosikika akiwa na miaka 2 kirudiwe akiwa na 5, hata kama amestaafu kuzaa, kwa kuwa jibu hilo si lake tena, ni la binti zake. Anayenunua naye ana swali moja la kuanza nalo kabla ya bei: bibi yake huyu mtoto ana miaka mingapi leo, na moyo wake ulisikilizwa lini?